Wacha Kushika Mabegi, Ingia Maji

Kila mbogi ikienda kuogelea, kuna msichana mmoja anabaki kando akishika mabegi. Simu zote ziko kwake. Viatu viko kwake. Anapiga wengine picha, anacheka kwa sauti ndio asionekane amenuna, na mtu akimuuliza mbona haingii anasema, "Leo sina mudi." Uongo. Mudi iko. Kenye hakuna ni mtu wa kumwonyesha venye atafanya nywele yake ikishaingia maji ya dawa.

Najua kwa sababu huyo msichana alikuwa mimi.

Nikiwa kidato cha pili, vijana wa kanisa letu walipanga safari ya Disemba, na mwisho wa siku tukapewa masaa mawili kwenye bwawa la kuogelea. Mathe alikuwa ametoa elfu moja mia tano nisukwe rasta za Krismasi. Nikiwa mlangoni akaniambia, "Hiyo nywele ikae hadi shule zifunguliwe. Ukirudi imeharibika, usinililie." Tulikaa kando wasichana saba. Wavulana wote walikuwa ndani. Hakuna mtu alitukataza kuingia. Hakuna mtu alihitaji kutukataza.

Ruka miaka minne. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kupatikana, hiyo ni stori ya siku ingine. Tukachanga doo na marafiki, tukapanda basi la usiku hadi Mombasa. Baharini maji yalikuwa ya kiuno. Nikapiga hatua moja mbele na chini hakukuwa na chini. Kijana anayekodisha matairi ya kuelea ndiye alinivuta kwa mkono. Nilikaa mchangani nikitapika maji ya chumvi, na unajua neno la kwanza nilisema? "Nywele yangu iko aje?"

Wasee walicheka. Mimi pia nilicheka. Usiku huo sikulala.

Kwa hivyo mtu asiniambie hii ni stori ndogo ya urembo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021 pekee. Kuogelea ni kitu ya kukuokoa. Na mimi nilikuwa nimefika miaka ishirini bila kujua hata kuelea, kwa sababu kila nafasi ya kujifunza ilikuja na swali moja: nywele je?

Niliporudi Nairobi nikaanza kujifunza. Mwezi wa kwanza ulikuwa noma. Nilitoka majini miguu imepauka kama nimetembea kwa unga. Kichwa kilikuwa kinawasha hadi kwa matatu najikuna na kalamu. Nilipofumua rasta, nywele yangu ya mbele ilikuwa inakatika kwa mkono. Msusi wangu akaiangalia, akatingisha kichwa, akasema, "Mrembo, chagua moja. Ni kuogelea ama ni nywele."

Hiyo "chagua moja" ndio nataka tuzike leo.

Na si msusi wangu peke yake. Kuna kampuni ya Uingereza inaitwa Soul Cap, inatengeneza kofia kubwa za kuogelea za watu wenye afro, rasta na dredi. Mwaka wa 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kuogelea duniani, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa kofia hizo zisitumike. Sababu moja waliyotoa ni kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Asili ya nani? Mwaka huo huo Alice Dearing alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuogelea kwa timu ya Uingereza kwenye Olimpiki. Watu wakapiga kelele, na Septemba 2022 kofia zikakubaliwa. Umeona? Shida haikuwa kichwa. Shida ilikuwa watu walioamua kichwa kinafaa kukaa aje.

Sasa tuongee ukweli kuhusu hii dawa ya maji, kwa sababu pia sitawadanganya ati haina madhara.

Klorini inawekwa kwa bwawa kuua vijidudu, na bila hiyo mngeshikwa na magonjwa ya tumbo kila wikendi. Lakini hiyo klorini inatoa pia mafuta ya asili kwa ngozi na kwa nywele. Nywele yetu ya kujikunja iko kavu tayari, kwa sababu mafuta ya kichwani huchukua muda kuteremka kwenye mikunjo hadi ncha. Ukitoa hata hayo kidogo yaliyokuwepo, unywele unakuwa mkavu, mgumu, unashikana na wenzake na kukatika. Ngozi nayo inakauka, inawasha, inapauka. Ukiwa na ukurutu ndio mbaya zaidi. Na kama umetia nywele dawa ya kulainisha ama rangi juzi, tayari imedhoofika, kwa hivyo ipe muda kabla hujaingia.

Lakini sikiza vizuri: klorini haifanyi kazi yote ukiwa ndani ya maji. Inaendelea ukiwa kwa matatu, ukiwa kwa foleni ya chipo, ukiwa umelala. Kenye kiliniharibia nywele zaidi ni kutoka majini, kufunga rasta zikiwa zimelowa na kukaa hivyo hadi kesho yake jioni. Klorini ilikuwa kichwani masaa zaidi ya ishirini. Hiyo unaita kuogelea ama kujiloweka?

Hii ndio nafanya sasa, na sihitaji kukuuzia chochote.

Kabla sijaingia, nalowesha nywele yote na maji safi ya bomba. Nywele ni kama sponji. Sponji iliyojaa maji safi haina nafasi kubwa ya kunywa maji ya bwawa. Halafu napaka kondishona ya kawaida ama mafuta ya nazi kidogo, navaa kofia ya kuogelea. Kofia haizuii maji yote, usidanganywe, lakini inapunguza. Mwilini naoga haraka, halafu napaka mafuta mepesi.

Nikitoka, naenda moja kwa moja kwa maji safi. Sio baada ya picha. Sio baada ya soda. Nasuuza kichwa hadi harufu ipotee, naosha na shampuu laini, halafu kondishona nyingi, naiacha dakika kadhaa. Nachana nikianzia ncha kuelekea kichwani, kondishona ikiwa bado ndani, na kitana cha meno mapana. Nakausha na tisheti kuukuu ya pamba, kwa sababu taulo inakwaruza nywele. Mwilini natumia sabuni isiyo kali, sisugui kama sufuria. Najipangusa polepole, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka mafuta. Yale mazito ya kopo ya mathe yanafanya kazi poa sana, kwa sababu yanafungia maji ndani ya ngozi. Ukingoja ukauke kabisa ndio upake, umefungia ukavu.

Kama umesuka, rasta zenyewe ni za plastiki na hazitalia. Wa kulia ni nywele yako iliyo ndani, na ngozi ya kichwa. Pitisha maji safi na shampuu iliyochanganywa na maji katikati ya mistari, kamua, halafu ziache wazi hadi zikauke kabisa. Usifunge zikiwa zimelowa, zitanuka hadi mtu wa kiti cha nyuma ashuke kabla ya stendi yake. Na panga kalenda yako: ogelea wiki ya kabla ya kusuka, sio wiki ya baada.

Sasa tuje kwa wale wanatukosea.

Kwanza, wenye mabwawa. Nilienda mahali fulani hapa Nairobi, nikalipa soo nne mlangoni, nikaingia maji, nikatoka, nikaenda shawa. Kavu. Nikafungua ya pili, kavu. Nikauliza mlinzi, akaniambia, "Siste, maji ya kuoga huku ni shida tangu mwezi uliopita." Bwawa limejaa hadi ukingo, lakini bafu halina tone! Nilienda nyumbani na hiyo klorini mwilini, nikijikuna njia nzima. Shawa kando ya bwawa sio zawadi. Ni sehemu ya kile nimelipia. Ukichukua pesa yangu uniweke kwa maji ya dawa, maji ya kuniondolea hiyo dawa ni deni lako kwangu.

Na hapo ndio wanajiumiza wenyewe. Ile harufu kali inakupiga pua ukifika, na macho kuwa mekundu, wasee hudhani ni dalili ya maji masafi yenye klorini mob. Si hivyo. Klorini ikikutana na jasho, mafuta ya mwili na mkojo, inageuka kitu kinaitwa kloramini. Hiyo ndio inanuka, na hiyo ndio inachoma macho. Kumaanisha bwawa likinuka sana, watu wameingia bila kuoga, na wengine wamekojoa ndani. Wewe unayekojoa ndani ya bwawa ukiwa mtu mzima na leseni ya kuendesha gari, ni wewe unachoma macho ya mtoto wa mwenyewe. Dakika moja ya kuoga kabla ya kuingia inaondoa uchafu mwingi. Lakini utaoga aje kama shawa imekauka? Umeona venye hii kitu inazunguka na kurudi kwa mwenye bwawa?

Pili, wenzangu wa video. Tunajuana. Mnachukua chupa ya elfu mbili mia tano, mnaiita ya kuondoa sumu ya klorini, mnaiuzia dem wa miaka kumi na saba ambaye pesa yake yote ni nauli. Vitamini C kweli huvunja nguvu ya klorini, hiyo ni kemia ya kawaida. Lakini kidonge cha vitamini C kilichoyeyushwa kwa chupa ya maji kinafanya hiyo kazi, na maji mengi ya bomba pekee yanafanya sehemu kubwa. Na wewe unayesema watu wajipake ndimu mwilini halafu waende juani, acha kabisa. Ndimu na jua zinachoma ngozi hadi malengelenge.

Tatu, sisi wenyewe. Tunamcheka msichana akitoka majini amepauka. Tunamcheka rasta zikiwa zimevimba. Kijana anatoka hapo hapo, miguu nyeupe kama chaki, hakuna mtu anasema neno. Halafu kesho tunauliza mbona wasichana hawataki kuogelea. Hawajakataa maji. Wamekataa kuchekwa.

Najua kuna mtu atasema, lakini wewe, rasta ni pesa. Ni kweli, na sitadharau hiyo. Mathe hakuwa mbaya. Elfu moja mia tano ilikuwa chakula cha siku kadhaa nyumbani, na hakuwa na ingine ya kusuka tena. Kama mtu angemwambia hiyo nywele inaweza kuingia maji na kutoka ikiwa sawa kwa kondishona ya mia na hamsini na jagi tatu za maji, naamini angeniambia niingie. Alikuwa analinda pesa yake na kitu pekee alijua. Hasira yangu ni kwa wale walijua na hawakutuambia, na wale wanachukua pesa na kufunga bomba.

Kwa hivyo tufanye hivi. Ukifika mahali pa kuogelea, kabla hujalipa, uliza: shawa ina maji? Usione haya. Kama jibu ni "mmh", rudisha pesa mfukoni. Mbogi nzima ikigeuka mlangoni mara mbili tatu, hilo bomba litapata maji. Kama huna chaguo, beba lita tano zako kutoka nyumbani. Nimefanya hivyo, na watu walinicheka hadi walipoanza kuniomba.

Na ukiwa msusi, msichana akikuambia anaogelea, usimwambie achague. Msuke mistari midogo inayolala chini ya kofia, umwambie asuuze, umwambie akaushe. Atarudi kwako mara nyingi kuliko yule wa miezi miwili.

Mwezi uliopita nilienda na dadangu mdogo, ana miaka tisa. Mathe ndiye alimpakia begi: taulo, kofia, chupa ya kondishona nusu, mafuta ya kopo. Hakusema neno kuhusu nywele. Kakafika, kakaenda kwa shawa kwanza, kakalowesha kichwa chote, kakaruka ndani hata kabla sijavua viatu.

Mabegi tuliyaweka kwa benchi. Yalikaa yenyewe sawa kabisa.