Msalaba wa Shingoni na Msalaba wa Ukutani

Tarehe 18 Machi 2011, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 15 dhidi ya 2, kwamba Italia inaweza kuendelea kutundika msalaba katika madarasa ya shule za serikali. Mlalamikaji, mama aitwaye Soile Lautsi, hakutaka wanawe wasomeshwe chini ya alama ya dini. Wakristo wengi walishangilia. Nadhani ingewafaa waisome kwanza hukumu yenyewe.

Serikali ya Italia ilijenga hoja kwamba msalaba, pamoja na maana yake ya kidini, ni alama ya historia na utamaduni wa taifa. Nao majaji wakaona kwamba msalaba uliotundikwa ukutani ni kitu kilichotulia tu, kisicho na nguvu juu ya mwanafunzi kama ile ya mafundisho au ibada. Chombo ambacho dola ya Rumi ilikitumia kuua watu kimetetewa mahakamani kwa hoja kwamba hakimtikisi mtu yeyote!

Mwaka 2018, Waziri Kiongozi wa jimbo la Bavaria huko Ujerumani, Markus Söder, aliagiza msalaba uwekwe kwenye lango la kila ofisi ya serikali ya jimbo, kama kielelezo cha historia na utamaduni wa Bavaria. Aliyempinga hadharani ni Kardinali Reinhard Marx, Askofu Mkuu wa Munich. Alieleza kwamba anayeuona msalaba kama alama ya utamaduni tu hajauelewa. Naafikiana naye kabisa.

Sasa tazama kesi ya aina nyingine. Nadia Eweida, mtumishi wa British Airways katika uwanja wa Heathrow, alirudishwa nyumbani mwaka 2006 bila mshahara kwa kuvaa msalaba mdogo shingoni uliokuwa ukionekana. Alipewa nafasi ya kazi isiyomkutanisha na abiria; akaikataa. Mwaka 2013 mahakama ileile ya Ulaya ilimpa haki yake dhidi ya Uingereza. Hapa hakuna aliyehitaji kudai kwamba msalaba ni pambo la utamaduni. Ulilindwa kwa sababu ulikuwa imani ya mtu, naye alikuwa ameugharamia.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitetea. Msalaba wa shingoni unamdai anayeuvaa. Wa ukutani humdai anayeingia mlangoni.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaifanya ibada kuwa hiari ya mtu binafsi na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Wapo wanaoisoma ibara hiyo kana kwamba inamtaka mtumishi wa umma aifiche rozari yake. Haisemi hivyo. (Bunge letu lenyewe hufungua kikao kwa dua, na Jamhuri haijatikisika.) Mtumishi aliyeketi peke yake saa ya chakula, akasali Matendo ya Uchungu punje kwa punje, hamvunjii mtu haki yake. Kwa kweli ningependa wangekuwa wengi zaidi, maana anayetafakari mateso yale hawezi kumkwepa Pilato: ofisa wa serikali aliyejua kwamba mtu aliye mbele yake hana hatia, akaogopa kelele, akaidhinisha, kisha akanawa mikono.

Lakini akiichukua alama ileile na kuitundika juu ya kiti chake cha ofisi, imebadilika. Mwananchi aliyekuja kufuatilia hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa, awe Mwislamu, Msabato au asiye na dini, hajui kama ukuta huo una neno juu ya faili lake. Pengine hauna. Hata hivyo, hana pa kuuliza, na foleni nyuma yake inasukuma.

Mtumishi huyo naye aliambiwa na Yesu mwenyewe aingie chumbani na kufunga mlango asalipo. Ofisi ya umma ndiyo chumba pekee ambacho ameajiriwa ili mlango wake uwe wazi.