Vioo vya taa kuukuu: Vyungu vya maua visivyogeuka mazalia ya mbu

Fundi akishamaliza kufunga taa bapa za kisasa kwenye dari mpya ya jipsamu, sakafuni hubaki boksi la vioo vya taa alivyovishusha. Kimoja ni cha mviringo kama chungwa, viwili vina umbo la kengele, na pengine kipo kile chenye nakshi kilichoning'inia sebuleni tangu nyumba ihamiwe. Baba husema vitupwe. Mama huvisukuma chini ya kabati, na huko hukaa miaka.

Vioo hivyo vinaweza kuwa vyungu vya maua vya kuning'iniza barazani, na gharama yake ni kamba, udongo na mche mmoja. Lakini havikutengenezwa kubeba udongo wala maji, na kwenye nyumba yenye watoto jambo hilo si dogo.

Umbo la kioo ndilo huamua kitumikeje. Chenye umbo la kengele, kikigeuzwa mdomo mpana ukatazama juu, huwa na tundu chini, pale palipokaa holda ya globu. Tundu hilo ndilo njia ya maji kutokea. Hufunikwa kwa kipande cha wavu wa dirishani ili udongo usimwagike, kisha hutiwa udongo uliochanganywa na mboji na mchanga kidogo. Maji yakizidi yatadondoka yenyewe, kwa hiyo kitundikwe nje, au juu ya chungu kingine kilichokaa chini, ambacho kitayapokea bila malalamiko.

Cha mviringo kina mdomo mmoja tu, na hapo ndipo kazi ilipo. Maji yanayotiwa hayana pa kutokea. Wengi hutanguliza kokoto chini wakiamini zitayanyonya, lakini kokoto hazinyonyi kitu. Maji hubaki chini yake, mizizi huoza, na mwenye mmea hudhani umekosa maji akauongezea.

Mizizi kuoza ni hasara ya mche mmoja. Mbu ni hasara ya nyumba nzima. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, na mwingine 2019. Anayeieneza ni mbu wa aina ya Aedes, ambaye si yule wa malaria anayesubiri usiku. Huyu huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza barazani, wakati ambapo chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Naye hahitaji bwawa: tairi, kopo, kifuu au chombo cha maua chenye maji kidogo kinamtosha.

Mbu huyo hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Kwa joto la pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Mayai yakikauka hayafi upesi. Yanaweza kusubiri miezi mpaka maji yarudi. Ndiyo maana kumwaga maji na kutia mengine hakutoshi. Anayeotesha mmea ndani ya maji ndani ya kioo hana budi kuchagua siku moja ya wiki, amwage maji yote na kuzisugua kuta za ndani kwa brashi. Kioo ambacho mkono hauingii kikasuguliwa, kisitiwe maji kabisa.

Kwa cha mviringo ipo njia rahisi zaidi, nayo ndiyo bora kuliko zote. Mmea hupandwa kwenye kopo la plastiki lililotobolewa chini, na kopo hilo ndilo huingizwa ndani ya kioo. Siku ya kumwagilia, kopo hutolewa, hunyeshewa karoni, huachwa lichuje, kisha hurudishwa. Kioo kinabaki kikavu, na mbu hana pa kutaga.

Kumwita fundi akitoboe kwa drili si ushauri mzuri. Kioo cha kawaida hutaka kekee maalumu na maji ya kupoza wakati wote, na kile kilichoimarishwa kwa moto kikiguswa na kekee husambaratika chote kwa mara moja.

Uzito nao hupuuzwa. Kioo cha mviringo chenye upana wa sentimita 20 kinaweza kuchukua takriban lita 4, na hizo ni kilo 4 za maji kabla ya kuhesabu kioo chenyewe. Mzigo huo usitundikwe kwenye waya wa umeme ulioachwa na taa, hata kama swichi imezimwa, wala kwenye ubao wa jipsamu, ambao utamegeka. Kulabu ishikwe na mbao ya kenchi au zege. Kamba zisikishike kioo mdomoni tu. Zisukwe kama wavu unaokipakata kutoka chini. Katani ya Tanga inapendeza macho, lakini ikilowa kila siku huoza, na kamba ya plastiki nayo huchakazwa na jua. Yoyote itakayotumika ikaguliwe mara kwa mara, na pasiwe na kitanda, kiti wala njia ya watoto chini yake.

Jua kali pia si rafiki. Kioo cha mviringo kilichojaa maji hukusanya miale kama lenzi, na mwanga huo ukiangukia pazia unaweza kuliunguza. Zaidi ya hapo, kioo kinachopitisha mwanga huota ukijani ndani na kuonekana kichafu baada ya muda mfupi. Kivuli chenye mwanga wa kutosha ndicho mahali pake.

Kuhusu mimea, ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo ambao wauza miche huuita mani planti huota hata ndani ya maji matupu, na ndiyo sababu umejaa kila nyumba. Utomvu wake, hata hivyo, huwasha na kuvimbisha mdomo mtoto akitafuna jani, kwa hiyo matawi yake yanayoshuka yakatwe kabla hayajafika mikononi mwa mdogo. Penye watoto wadogo, ule wenye majani membamba yenye mistari myeupe, unaoning'iniza vichipukizi vyake, hauna sumu hiyo. Mnanaa nao hustawi kwenye kivuli chepesi na huishia kwenye birika la chai. Kama kioo kina rangi ya zamani iliyopakwa, mboga na viungo visigusane nacho, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Kabla ya yote hayo, kioo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha hugongwa taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti kali. Chenye ufa hutoa sauti butu. Chenye ufa kisitundikwe hata kikiwa ndicho kizuri kuliko vyote. Kifungwe kwa magazeti na kuwekwa kwenye boksi gumu lililoandikwa "vioo", si kwenye mfuko laini wa taka. Vijana wanaopita kuchukua taka mitaani huibeba mifuko hiyo begani, na wengi wao hawana glavu.