Pensheni ya Bibi Si Dhambi

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba Mkristo anayepokea Pensheni Jamii ameifanya serikali mungu wake amemsoma Paulo nusunusu. Onyo kwa Wathesalonike lilimhusu asiyetaka kufanya kazi. Asiyeweza hakutajwa.

Nenda Pemba msimu wa karafuu umtazame bibi kizee jamvini, anachambua karafuu na makonyo, vidole vimepiga weusi. Kazi hiyo ameifanya tangu utotoni, bila mkataba wala mwajiri wa kumwekea akiba. Pensheni iliyoanza Zanzibar Aprili 2016 kwa wakaazi waliotimiza miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, haimuulizi dini yake. Uvivu uko wapi hapo?

Mwandishi huyo ametutolea mfano wa wamisionari wa Kikweka waliofika Pemba mwaka 1897, wakawapa watumwa walioachwa huru kazi ya ujira katika shamba lao la Banani. Mfano mzuri, naupenda. Lakini uhuru wenyewe watu wale waliupata wapi? Kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili mwaka huohuo, tena kwa kwenda kuudai mahakamani. Jembe na sheria vilikwenda pamoja.

Kwamba jamaa wawatunze wajane wao, hilo Paulo alimwagiza Timotheo na sina ubishi nalo. Ila Yusufu naye alilisha watu kwa maghala ya Farao.

Mapadri na wachungaji wa Pemba, msiwatahayarishe wazee wetu kwa haki yao. Wasindikizeni wakajiandikishe.