Mzee Akikutwa Nje Usiku

Ndugu zangu wa Ganze, Kaloleni, Rabai, Magarini na kila kijiji cha Kilifi chenye mtu mwenye mvi,

Nyanya yangu alikutwa kisimani kwa jirani saa tisa usiku, leso kiunoni, kifua wazi, akiita mbuzi. Mbuzi wenyewe tulikwisha kuwauza zamani, kulipia karo. Kwake kulikuwa kumekucha na zizi lilikuwa wazi. Mbwa walibweka, vijana wakatoka na mapanga, na nyinyi mnalijua neno lililokuwa midomoni mwao. Kwetu, atembeaye uchi usiku ana jina moja tu. Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyemmulika tochi usoni akasema: "Aa, huyu si mwanga. Huyu ni bibi, amepotea." Akampakia pikipiki, akatuletea.

Si kila mzee humpata kijana kama yule. Wengine tumewazika. Wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma kule Ganze, ilhali wana nyumba na mashamba yao. Wapo wanaopaka mvi piko ili wasionekane wazee, wakiwaogopa watoto waliowazaa wenyewe. Kuhusu mashamba nitasema hili tu: mara nyingi anayeanza kunong'ona "mchawi" ndiye anayeingojea ardhi. Na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1925, inamshika pia anayemtuhumu mwenzake.

Ninachoomba kwanza ni tuujue kwa jina ugonjwa uliompoteza nyanya usiku ule. Unaitwa dimensia. Ni maradhi ya ubongo ya namna kadhaa, na yanayowapata wengi zaidi ni yale aliyoyaeleza daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Huanza kwa kufuta ya jana na kuacha ya zamani. Ndiyo maana nyanya hakujua kama amekula, lakini alimkumbuka kila mbuzi kwa rangi yake. Mgonjwa huficha pesa kisha akadai ameibiwa. Huzungumza na marehemu. Usiku huona mchana. Sasa yatazame hayo kwa macho ya jirani mwenye hofu, aliyefiwa na mtoto wiki iliyopita: hapo kesi ya uchawi imekamilika, na mshtakiwa hawezi hata kukumbuka alikotoka ili ajitetee.

Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Dawa ya kuiponya haipo. Ila mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, msiseme ni uzee. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari au dawa anazomeza, na hayo yanatibika. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kuzuia nako kupo, na hakungoji uzee. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia vingezuiwa au kucheleweshwa. Mengi tunayaona kila siku. Presha inayomwanza mtu akiwa na miaka arobaini huharibu mishipa ya ubongo kimyakimya, naye hajui mpaka apimwe. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mashine za presha na sukari mwaka 2023. Yule mama anayepita kwenu na begi mkaribisheni, mnyoosheeni mkono. Punguzeni chumvi, na hapo ng'onda naitaja kwa shingo upande maana naipenda. Nanyi vijana wa bodaboda, helmeti haikai kwenye tangi la mafuta; kichwa kilichopigwa lami leo hudai baadaye. Mnazi sisemi uachwe, nani atanisikiliza? Nasema upungue. Na mzee asiyesikia vizuri apelekwe akapimwe masikio, kwa sababu asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo, na upweke nao umo katika yale 14.

Linaloniuma zaidi ni la uuguzi. Karibu kila nyumba yenye mgonjwa ina binti mmoja aliyeachiwa mzigo wote: kumwogesha, kumlisha, kulala jicho moja wazi. Sisi wengine hutuma pesa kwa simu kutoka Mombasa tukajiona wana wema. Mimi nilikuwa hivyo, mpaka dada yangu alipoanguka kwa uchovu. Basi tuweke zamu. Wana wa kiume pia. Kanisa au msikiti ukiweza kumpa binti huyo alasiri moja kwa wiki alale, utakuwa umefanya kazi kubwa.

Kila Nyumba Kumi iwajue wazee wake wanaopotea, na kila steji ya bodaboda ipewe majina na sura zao. Machifu, naomba jambo hili lipewe nafasi barazani, kabla ya lile la mipaka ya mashamba. Anayekuja aje na jina la mzee wake, sindano na uzi. Namba yangu ya simu tuliishona kwenye pindo la leso ya nyanya kwa uzi mwekundu. Alipotea mara nne baada ya usiku ule, na mara zote nne simu ililia.