Makopo ya Saruji
Msomaji mmoja aliyerejea Kindu kutoka Kinshasa, alikozoea klabu ya hoteli kubwa yenye kiyoyozi, vioo ukutani na ada ya kila mwezi inayolipwa kwa dola, ananitaka shauri namna atakavyoutunza mwili wake katika mji wetu huu wa kandoni mwa Lualaba, ambamo vijana hunyanyua uani chuma kilichotiwa kopo la saruji kila ncha. Ajue kwamba bondia Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman huko huko Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa akipasua magogo kwa shoka kambini kwake Deer Lake, Pennsylvania. Na Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa juma, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu, bila ya kushurutisha mashine. (Wasukuma baiskeli wetu wenye magunia ya mchele hao wanahitaji mapumziko.) Walakini siwezi kuusifu ufukara: klabu ya ghali ina mwalimu, naye ndiye mhifadhi wa uti wa mgongo, maana saruji iliyomiminwa kwa makadirio hufanya kopo moja lizidi jenzake, na bega moja likabebeshwa dhima isiyo yake. Basi, ndugu yangu, yapime makopo hayo kwa mizani ya mfanyabiashara wa mchele, uanze na uzito hafifu, na sehemu ya ile ada umlipe mkufunzi.