Swali Lililoulizwa Geneva



Katika mikutano ya jumuiya zetu, kila vita vinapozuka mahali, haikosi sauti ya kuuliza: Umoja wa Mataifa uko wapi? Swali ni la haki, ila huulizwa kana kwamba chombo hicho kina jeshi na hazina yake, mbali na serikali zilizokiunda. Yaliyoipata Ethiopia yanatufundisha kuuliza vingine.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mataifa yaliunda Shirikisho la Mataifa, lililoanza Januari 1920. Wanachama waliahidi kwamba atakayevunja mkataba na kumshambulia mmoja wao atahesabiwa amewashambulia wote. Ethiopia iliiamini ahadi hiyo, ikajiunga mwaka 1923. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia, nayo mwanachama, yakaivamia.

Shirikisho halikunyamaza, na hilo wengi hulisahau. Liliitia Italia hatiani, likaiwekea vikwazo vya biashara. Lakini mafuta ya petroli, ambayo bila hayo malori na ndege za vita zisingekwenda, hayakutiwa katika orodha. Mfereji wa Suez, uliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, ulibaki wazi, na meli za Italia zikapita na askari na silaha. Uingereza na Ufaransa zilichelea kumsukuma Mussolini mikononi mwa Hitler. Huku nyuma gesi ya sumu ilikuwa ikimwagwa kutoka angani juu ya wapiganaji na wanavijiji.

Tarehe 30 Juni 1936, mji wake mkuu ukiwa umekwisha kutekwa, Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya wajumbe huko Geneva. Waandishi wa Kiitalia walimzomea na kumpigia miluzi. Alisema kwa Kiamhari, akauliza ni jibu gani awapelekee watu wake. Mwezi uliofuata vikwazo viliondolewa. Na Mussolini? Oktoba mwaka huohuo alifungamana na Hitler.

Umoja wa Mataifa, uliozaliwa mwaka 1945, ulipewa Baraza la Usalama lenye uwezo wa kuamuru hata matumizi ya nguvu. Lakini madola matano yana kura ya turufu, na askari bado huombwa kwa serikali. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya Rwanda yakiwa yamepamba moto, Baraza liliamua kukipunguza kikosi chake cha huko, chenye askari wapatao 2,500, hadi 270. Nchi zote 15 zilikubali, na miongoni mwa wapiga kura alikaa mjumbe wa serikali ileile iliyokuwa ikiua.

Basi tuulize pia: serikali yetu ilipiga kura gani, na iko tayari kugharimia nini? Ethiopia ilikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Hata hivyo ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja huo, na mwaka 1951 askari wake walikwenda Korea, na mwaka 1960 Kongo, chini ya bendera yake.