Mtalii Anapofungua Mkoba Wake

Mwezi wa Mei mwaka 2017 Serikali ya Rwanda ilipandisha bei ya kibali cha kuwatazama gorila wa milimani kutoka dola 750 za Marekani hadi dola 1,500. Wakati huo kibali cha Uganda kilikuwa dola 600. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba wageni wote sasa wangeyapa kisogo milima ya Musanze na kumiminika katika msitu wa Bwindi. Baadhi yao walifanya hivyo, lakini wenye fedha nyingi waliendelea kushuka Kigali kama kwamba hapakutokea jambo. Uganda nayo ilipandisha bei yake hadi dola 700 mwezi wa Julai 2020, na hadi dola 800 mwezi wa Julai 2024, na wageni hawakuikimbia Bwindi.

Yafaa kueleza sababu, kwa kuwa mtalii hahesabu kama mwananchi aendaye sokoni. Mtu aliyepewa likizo ya siku kumi huona kwamba siku ni ghali kuliko dola. Kutoka Kigali hadi Musanze ni mwendo wa saa zisizozidi tatu kwa gari. Kutoka Kampala hadi Buhoma ni safari ya kutwa nzima. Tajiri hununua siku hiyo kwa kulipa kibali cha bei kubwa, au kwa kupanda ndege ndogo kutoka Entebbe hadi Kihihi au Kisoro. Kijana mwenye mfuko wa mgongoni hutenda kinyume: hushuka Kigali, akavuka mpaka pale Kyanika, akaingia Kisoro kwa kibali cha bei nafuu. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipoanza kufungwa mwaka 2019, njia hiyo ilipata misukosuko, na haikurejea hali yake hadi mwaka 2022.

Lakini kabla ya siku na kabla ya dola ipo hofu. Safari huamuliwa miezi mingi kabla, nyumbani kwa mgeni, pamoja na mke au mume na pengine watoto wakisikiliza. Hapo husomwa maonyo ambayo serikali yake huyatoa kwa wasafiri. Serikali hiyo ikisema mahali fulani pasiendewe, aghalabu bima ya safari haimlindi aendaye, na wakala wake humpeleka kwingine. Tarehe 1 Machi 1999 waasi kutoka ng'ambo ya mpaka walivamia Buhoma na kuwaua watalii wanane, pamoja na ofisa mmoja wa hifadhi aliyekuwa Mganda. Mwezi wa Oktoba 2023 waasi wa ADF waliwaua bwana na bibi waliokuwa katika fungate, pamoja na mwongozaji wao, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mauaji ya jioni moja hukaa miaka mingi katika vichwa vya watu wasioweza hata kuionyesha Uganda kwenye ramani.

Ndiyo maana askari anayetembea na bunduki nyuma ya wageni wanane katika Bwindi ni sehemu ya kile walichokilipia, ijapokuwa jina lake halimo katika risiti. Hali kadhalika polisi wa kizuizi cha barabarani. Mgeni aliyesimamishwa kwa salamu, akaulizwa aendako na kuruhusiwa upesi, huona kwamba nchi inalindwa. Aliyesimamishwa mara tano na kuona dereva wake akishuka kunong'ona pembeni na wenye sare huona jambo jingine, na huwasimulia wenzake arudipo kwao.

Sasa fedha zenyewe. Dola 800 hulipwa mapema, kwa kawaida kupitia kampuni ya utalii, na hazipiti mikononi mwa mtu yeyote wa kijijini. Sheria huwatengea majirani wa hifadhi asilimia 20 ya kiingilio cha langoni, wala si ya bei ya kibali. Katika kibali hutolewa dola 10 tu kwa ajili yao. Mtafiti Chris Sandbrook, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2010, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya watalii wa Bwindi huondoka mahali hapo. Hata hivyo alionyesha pia kwamba kile kidogo kinachobaki kilizidi mapato mengine yote yaliyoingia huko kutoka nje. Kidogo hicho ndicho kinachozihusu jamaa zinazoishi kandokando ya barabara, zikiwemo jamaa za askari.

Kidogo hicho hutolewa mkono kwa mkono. Pale Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta, karibu kila gari la watalii husimama ili wageni wapige picha. Wameketi garini muda mrefu, na haja yao ya kwanza ni choo. Mama mwenye choo safi chenye maji na sabuni amekwisha kumwingiza mnunuzi dukani kabla hajanadi kitu. Mbele kidogo ya Kampala, Mpambire, ngoma nzuri zimepangwa barabarani, lakini kubwa hutazamwa na ndogo hununuliwa, kwani mgeni anauwazia mzigo wake wa ndege. Atokaye Australia au New Zealand huogopa hata ile ndogo, maana forodha za kwao hukagua ngozi na mbao kwa ukali. Kikapu kilichosukwa vizuri hakina tatizo hilo: ni chepesi, hakivunjiki, na humezwa na mkoba.

Biashara nyingi hufia kwenye chenji. Mgeni hutoa noti ya shilingi elfu hamsini kwa kitu cha elfu kumi na tano, muuzaji hukimbia kwa jirani kutafuta, dereva hupiga honi, na noti hurudi mfukoni. Noti ndogo zilizowekwa akiba tangu asubuhi zina faida kuliko maneno mengi ya Kiingereza.

Tangu Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege, hadi Septemba mwaka huo, wachukuzi wa mizigo wa Nkuringo hawakuwa na mgeni wa kumbebea. Mwanzoni mwa Juni, Rafiki, dume kiongozi wa kundi la gorila la Nkuringo, alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki. Aliyemuua alikuwa mtu wa jirani, aliyeingia msituni kinyume cha sheria kuwinda wanyama wa kitoweo. Alifungwa miaka 11.